Giligilani iliyozama kwenye kopo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Kirumba, Mwanza

Lalamiko lenyewe lilikuwa fupi. Giligilani inaota vizuri, inafikisha majani manne au matano, halafu inalegea, inalala na kufa. Mbegu zimebadilishwa, udongo umebadilishwa, mbolea imeongezwa, na bado hali ni ile ile. Rozimari iliyonunuliwa ikiwa mche mzima imekauka kuanzia ncha za juu. Mrehani umedumaa, majani madogo na ya njano. Kati ya yote yaliyopandwa, nanaa ndiyo pekee inayotambaa bila wasiwasi, pamoja na mchaichai ulio kwenye ndoo kubwa mlangoni mwa jiko.

Mwenye makopo haya ni mama lishe anayewapikia wachuuzi na wabeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Supu ya sato asubuhi, sangara wa kukaanga mchana, pilau siku za Ijumaa. Giligilani kwake si pambo la sahani, ni sehemu ya supu. Kila alfajiri hununua fungu sokoni, na inapofika kiangazi fungu hilo hupungua majani huku bei ikibaki pale pale. Tena giligilani haikai: ikichumwa jana, leo mchana imelegea, kesho imeoza. Alitaka kuchuma jani wakati sufuria tayari iko jikoni, na kuchuma kiasi kile tu anachohitaji.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona akina mama wengi wa mjini wakiacha kabisa kupanda baada ya kupita njia hii hii, na wengi wao huishia kusema alichoniambia yeye tulipokaa barazani kwake: "Mwanangu, mkono wangu mimea haiutaki." Mkono wake hauna tatizo lolote. Mtu anayekorofisha chumvi katika sufuria ya watu hamsini hadumu siku mbili sokoni. Yeye yuko pale miaka na miaka, kwa vipimo ambavyo hajaviandika popote. Kilichoua giligilani yake kinaonekana kwa macho, kinanuka, na kinaweza kupimwa kwa rula.

Mahali penyewe

Nyumba iko mlimani, katikati ya ile miamba mikubwa ya granaiti ambayo kila mgeni wa Mwanza huipiga picha. Mji umekaa upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo mteremko unaotazama maji unatazama magharibi, na jua la alasiri huupiga uso kwa uso. Makopo yalikuwa yamepangwa juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba. Jiwe hilo hushika joto mchana kutwa na huendelea kulitoa hata baada ya adhana ya magharibi. Juu ya hayo, mchana upepo hutoka ziwani na kupanda mlimani. Jua, jiwe na upepo vikikutana, uso wa udongo hukauka upesi mno. Umwagilie asubuhi, ifikapo saa nane mchana udongo wa juu umepauka na umeanza kupasuka.

Maji ya bomba hupanda huko kwa zamu. Siku yanapotoka kila chombo cha nyumba hujazwa, na siku hiyo mimea nayo hunyweshwa mpaka maji yakasimama juu ya udongo. Siku ambazo bomba ni kavu, makopo yalipewa maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine: ya kuoshea mchele, na ya kuoshea samaki. Ya samaki nitayarudia, maana yana kesi yake peke yake.

Vyombo vilikuwa vya aina mbili. Makopo ya maziwa ya unga yenye kimo cha sentimita 15 hivi, na madumu ya lita 5 ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa ubavuni na kulazwa, ambayo kina chake hakikufika sentimita 10. Matundu yalitobolewa kwa msumari, chini kabisa. Kila chombo kilitandikwa kokoto unene wa vidole viwili, kwa sababu jirani alimwambia kokoto husaidia maji kushuka. Kisha ukaja udongo. Mwanzoni alitumia luseni, ule udongo wa kichanga unaotokana na miamba yetu hii na ambao wakulima wa Kisukuma huufahamu vizuri kwa kupita maji upesi. Giligilani ilipokataa, akaenda kuchota udongo mweusi kando ya mto Mirongo, ulioonekana kunona.

Hapo niseme jambo moja kabla sijaendelea. Mirongo unakatiza mji mzima kabla ya kuingia ziwani, na unapokea maji machafu ya makazi, masoko na gereji. Giligilani huliwa mbichi. Udongo wa kando ya mto wa mjini usiutumie kwa jani ambalo halipiti kwenye moto, hata kama ni mweusi kiasi gani.

Aliyekufa na aliyepona

Katika visa vya namna hii mimi huanza kuwauliza waliopona. Nanaa ni mmea wa unyevu. Ukiisahau siku mbili za jua kali hulegea kabla ya mwingine wowote. Kama adui wa baraza lile angekuwa ukame au joto, nanaa ingetangulia kaburini. Haikufa. Ilikuwa imefunika kopo zima na kuteremsha matawi yake hadi kwenye jiwe. Rozimari asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, imezoea miteremko ya mawe na kiangazi kirefu kisicho na tone la mvua. Kama shida ingekuwa kukosa maji, rozimari ingekuwa ya mwisho kulalamika. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufa. Mpangilio huo wa vifo ulitosha kunipa shaka kwamba mimea ile, juu ya jiwe lile la moto, ilikuwa inazama.

Mama hakukubali, na alikuwa na haki ya kutokukubali. Akaugusa udongo mbele yangu ukavunjika vumbi. "Sasa mwanangu, hapa maji yako wapi?" Nikamwomba ruhusa tulipindue kopo moja ambalo giligilani yake ilikuwa imelala tangu jana yake. Akasema, "Lipindue, limeshakufa hilo."

Tukaligonga likatoka bonge zima. Juu kulikuwa na tabaka kavu la unene wa kidole kimoja. Chini ya hapo unyevu wa kawaida. Halafu, kuanzia kama nusu ya kopo kwenda chini, tope jeusi linalong'aa, lenye harufu ya mayai viza. Mizizi ya giligilani ilikuwa imeshuka mpaka mpakani mwa tope na kukomea hapo. Ncha zake zilikuwa za kahawia, na ukiuvuta mzizi ganda lilivuka likabaki mkononi huku uzi mwembamba ukibaki kwenye udongo. Mzizi mzima wa giligilani ni mweupe, una ugumu kidogo, na hauvuki hivyo. Kokoto nazo zilikuwa zimemezwa na tope, na matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa, kwa kuwa kopo lilikaa bapa juu ya jiwe bapa.

Harufu ile hutolewa na bakteria wanaoishi mahali pasipo hewa. Mzizi nao unapumua. Unahitaji oksijeni usiku na mchana. Udongo mzuri una vinafasi vingi vilivyojaa hewa, na oksijeni hupita humo bila shida. Vinafasi hivyo vikijaa maji, oksijeni husafiri ndani yake kwa mwendo ulio pungufu mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri hewani. Mzizi ulioko kwenye tope hukosa pumzi, hufa, na ukishakufa hauwezi tena kuvuta maji. Kwa hiyo majani hulegea kwa kiu ilhali miguu ya mmea iko majini. Anayetazama juu huona mmea umelegea na udongo umekauka, na kwa huruma yake huongeza maji. Mama huyu alikuwa akiiua giligilani yake kwa kuihurumia, na kila alichokiona kwa macho kilimwambia anafanya sawa.

Kwa nini maji hayakushuka

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo ninapoomba msomaji avumilie, maana ushauri wa kutandika kokoto chini ya kopo umeenea mno na umewatia hasara watu wengi.

Chukua sponji mpya ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Iloweshe mpaka ishibe, kisha ilaze bapa kwenye kiganja bila kuibana. Itadondosha maji, halafu itaacha. Sasa igeuze isimame kwa ubavu wake mrefu. Maji yataanza kudondoka tena. Yakiacha, isimamishe wima kwa ubavu mfupi. Yatadondoka kwa mara ya tatu. Hukuiminya, hukuongeza maji, sponji ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo tu.

Tulilifanya hili barazani kwa sponji yake ya jikoni. Alirudia mwenyewe, akaniangalia, akarudia tena.

Udongo hufanya hivyo hivyo. Punje za udongo hushika maji kwenye vinafasi vyembamba vilivyo kati yake, na nguvu hiyo ya kushika hushindana na uzito wa maji yanayotaka kushuka. Chini kabisa ya chombo chochote chenye matundu hubaki tabaka lililoloa kabisa, ambalo halitoki hata kama matundu yako wazi. Unene wa tabaka hilo hutegemea udogo wa punje za udongo: punje laini, tabaka nene, punje nono, tabaka jembamba. Hautegemei kabisa kimo cha chombo. Tuseme kwa udongo wa Mirongo, ulio laini, tabaka hilo lina sentimita 6. Kwenye dumu lililolazwa, ukitoa kokoto, udongo wote una sentimita 7. Mmea umebakiziwa sentimita 1 ya kupumulia. Kwenye kopo la maziwa udongo una sentimita 12; nusu ni bwawa. Kwenye ndoo ya lita 20 yenye udongo wa sentimita 30, tabaka lile lile ni moja ya tano tu, na mizizi ina nafasi tele juu yake. Hiyo ndiyo ndoo ya mchaichai.

Na kokoto? Maji hayatoki kwenye vinafasi vyembamba kuingia kwenye mianya mikubwa ya kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeloa kabisa. Kwa hiyo tabaka la bwawa halishuki kwenye kokoto; hukaa juu yake. Ukitandika kokoto sentimita 3 umelipandisha bwawa sentimita 3 karibu zaidi na mizizi, na umepunguza udongo. Kokoto chini ya kopo fupi ni hasara mara mbili. Elimu hii ya jinsi udongo unavyoshika maji si ya jana: Mmarekani Edgar Buckingham aliichapishia utafiti tangu 1907. Nasikitika kwamba karne moja baadaye bado kokoto ndizo zinazotangulia kwenye kopo.

Kuhamia udongo mweusi, basi, kulizidisha tatizo. Luseni ilikuwa inapitisha maji vizuri zaidi. Kilichokosekana humo kilikuwa chakula, na mmea ulipokuwa ukipauka alidhani udongo wote ni mbaya. Kwa mtu anayelima bustani ardhini, udongo mweusi ungeweza kuwa uamuzi wa busara, kwa sababu ardhini hakuna kitako: maji huendelea kushuka na kuvutwa na udongo wa chini zaidi. Kopo lina kitako. Ndiyo maana uzoefu wa shambani, hata wa mtu aliyelelewa na jembe kule Magu au Misungwi, haumsaidii sana anapoanza na makopo, na humfanya ajilaumu zaidi.

Maji ya samaki

Nilipouliza kuhusu ule utando mweupe uliokuwa umeganda kwenye midomo ya makopo, mama alidhani ni chokaa ya maji. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo ndiyo yanayopandishwa mjini kutoka Capri Point, ni maji laini yenye madini machache. Hayawezi kuacha ukoko wa aina hiyo kwa muda mfupi. Ukoko ulitoka jikoni. Samaki wake huwaosha mara ya mwisho kwa chumvi na ndimu kukata shombo, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakiishia kwenye makopo. Kila mara maji yalipokauka, chumvi ilibaki. Kwenye ardhi mvua ingeisukuma chini. Kwenye kopo lililoziba haina pa kwenda. Kingo za majani ya mrehani zilizoungua ni kazi ya chumvi hiyo.

Maji ya kwanza ya kuoshea samaki, yale ya damu na magamba yasiyo na chumvi, yana chakula cha mmea, hilo halina ubishi. Lakini yakiingia kwenye tope lisilo na hewa huoza vibaya, huvuta nzi na paka, na bakteria wanaoyaozesha humaliza hata ile oksijeni kidogo iliyobaki. Nilimshauri ayapeleke kwenye shimo la mboji au chini ya mpapai wa jirani, na kwenye giligilani asiyapeleke kabisa. Maji ya kuoshea mchele hayana neno, mradi yamwagwe siku hiyo hiyo kabla hayajachacha.

Mbegu na kinyausi

Mbegu zilikuwa za viungo, za kupima sokoni. Watu wengi walimwambia hizo ndizo kosa. Tulizifunga baadhi kwenye kitambaa chenye unyevu, na nyingi zikachipua. Nazo huchipua, zisipokuwa zimekaangwa au kuzeeka sana. Kile tunachokiita mbegu ya giligilani ni tunda kavu lenye mbegu mbili ndani. Ukilibingirishia chupa taratibu mpaka lipasuke vipande viwili, kisha ukaloweka usiku mmoja, huota kwa pamoja na kwa haraka zaidi, mara nyingi kati ya siku 7 na 14.

Kinyausi kilikuwepo, sikatai. Baadhi ya miche ilikuwa imekatika shingoni, palipo usawa wa udongo, kama ilivyo desturi ya ugonjwa huo. Vimelea vya kinyausi hupenda udongo uliolowa na miche iliyobanana, kwa hiyo nilikihesabu kuwa mgeni aliyefuata maji. Dawa ya dukani isingefaa kitu huku bwawa likibaki, na sikutaka dawa kwenye jani litakaloliwa baada ya wiki chache.

Kilichobadilishwa

Vyombo kwanza. Giligilani ina mzizi mkuu unaochimba kwenda chini, na haipendi kuhamishwa. Inataka kina, na ipandwe pale pale itakapokulia. Mama alikuwa na ndoo za lita 10 zilizopasuka mdomo, za mafuta ya kupikia. Hizo ndizo tulizochagua. Alikuwa nazo za rangi pia, na za dawa ya mifugo. Hizo tuliziacha, na ningemsihi yeyote aziache, hata zikioshwa mara ngapi. Matundu yalitobolewa kwa msumari wa moto ubavuni, kidole kimoja juu ya kitako, na mengine kitakoni, kisha ndoo zikainuliwa juu ya vijiwe vitatu ili hewa na maji vipite chini yake. Hakuna kokoto. Juu ya tundu liliwekwa kipande cha wavu wa chandarua chakavu kuzuia udongo usitoke.

Pili, udongo. Tulirudi kwenye luseni. Sehemu moja luseni, sehemu moja samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina joto wala harufu, sehemu moja pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Maganda haya magumu ya mpunga mashineni hugeuka kero, hurundikwa wakikosa pa kuyatupa. Ukiyachoma kwa kuyazungushia kopo lenye matundu na moto ndani, ukiyageuza, na ukiyazima kwa maji yakiwa meusi kabla hayajawa majivu, unapata kitu chepesi kinachoshika unyevu na bado kinaacha hewa. Choma mbali na nguo za watu, moshi wake ni mwingi. Jambo moja lililomshangaza mama ni kuchekecha. Alizoea kuchekecha unga na kubakiza laini. Hapa tulibakiza chenga na kuutupa unga laini wa udongo, maana huo ndio unaoziba vinafasi. Udongo wa juu, wa kusia mbegu, tuliumwagia maji yanayochemka na kuuacha upoe, kupunguza vimelea vya kinyausi.

Tatu, mahali. Ndoo ziliondolewa kwenye jiwe bapa zikasogezwa upande wa mashariki wa nyumba, zinakopata jua la asubuhi mpaka kama saa nne hivi, kisha kivuli cha ukuta. Giligilani ikipata joto na kiu hukimbilia maua na kuacha majani. Nchi za mbali na ikweta siku ndefu za kiangazi huisukuma kwenye maua. Mwanza, nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, siku ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kinachoisukuma hapa ni joto na misukosuko ya maji, vitu ambavyo mtu anaweza kuvipunguza. Tahadhari moja kwa wanaotegemea kivuli cha mwamba au ukuta wa kaskazini au kusini: kwetu jua huhamia kaskazini kati ya Machi na Septemba, na kusini miezi iliyobaki. Mahali penye kivuli Julai panaweza kuwa tanuri Desemba.

Kumwagilia ndiko kulikokuwa kugumu kubadili, kwa sababu ni tabia na kunagusa huruma. Tulikubaliana kidole kiingizwe mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, usimwagilie, hata uso uwe mweupe kiasi gani. Kikitoka kikavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Baada ya muda mfupi hakuhitaji tena kidole. Aliinua ukingo wa ndoo kwa mkono mmoja na kujua kwa uzito, jambo linalomjia kirahisi mtu anayeinua masufuria kila siku.

Makopo mafupi hayakutupwa. Nanaa ilibaki kwenye moja, na mengine yalipewa vitunguu majani, ambavyo mizizi yake ni mifupi. Kwenye matundu tulipitisha utambi, kipande cha kitambaa cha pamba ambacho nusu yake imo ndani ya udongo na nusu inaning'inia nje chini ya kopo. Maji hufuata utambi na kudondoka, kwa kuwa ni kana kwamba kopo limerefushwa. Bwawa haliishi, lakini hupungua kiasi cha kusaidia. Hii ndiyo njia ninayompendekezea mpangaji asiye na nafasi ya ndoo.

Matokeo, na yaliyobaki

Giligilani ya ndoo ya kwanza ilipita majani matano bila kulala. Wiki ya sita mama alikuwa anakata mashina ya nje na kuyaacha ya katikati yaendelee. Ilianza kunyoosha shingo ya maua karibu wiki ya nane, na hapo ndipo tulipozungumza kwa uwazi jambo ambalo wauza miche wengi hawalisemi: giligilani si mmea wa kukaa. Ndoo moja haitampa majani mwaka mzima, hata akiitunza vipi. Anahitaji kusia ndoo nyingine kila wiki mbili au tatu, ili moja ikiwa inachanua nyingine iko tayari kukatwa. Iliyochanua aiache itoe mbegu za kusia tena. Kwa ndoo alizonazo hawezi kuliacha fungu la sokoni kabisa, na sitaki kumdanganya mtu kwa kusema anaweza. Supu ya watu wengi inataka majani mengi. Sasa hununua siku za wateja wengi, na siku nyingine huchuma.

Mrehani ulichukua muda, kwa sababu chumvi ilibidi isukumwe nje kwa maji mengi safi, tena siku ya bomba, yakapita na kutoka chini. Baada ya hapo majani mapya yalitoka bila kingo zilizoungua. Tulipokata vikonyo vya maua ulitanuka matawi. Vidukari vilikuja mara moja, vikaoshwa kwa maji ya sabuni nyepesi upande wa chini wa majani, na majani yakasuuzwa.

Rozimari bado inanisumbua. Vipandikizi vilivyowekwa kwenye mchanga mnono mtupu vingi vimekauka kabla ya kutoa mizizi, na kimoja kimeshika. Nadhani upepo wa mchana unavinyonya maji kuliko vinavyoweza kuvuta, na tumevifunika na chupa ya maji iliyokatwa kitako ili kuvipa unyevu wa hewani bila kulowesha mchanga.

Kazi iliyo mbele ni ya yule aliyekuwa hana tatizo. Mchaichai umejaza ndoo yake kwa mizizi mpaka maji yanapita pembeni na kutoka bila kulowesha katikati, na majani ya ndani yameanza kukauka. Tutaugawa vuli inapoanza kushuka, mwezi wa kumi: majani yatafupishwa yabaki shibiri moja, shina litapasuliwa kwa kisu cha jikoni katika mafungu yenye vikonyo vitatu au vinne kila moja na mizizi yake, na kila fungu litapata ndoo yake ya lita 20. Mama ameshawaahidi majirani wawili, na mmoja wao ndiye yule aliyemshauri kokoto.